Fizi Zitokazo Damu: Usiuze Matunda Yote



Mtu akitokwa na damu pasipo kukatwa wala kuanguka, watu wa nyumbani mwake hushikwa na hofu. Pande zetu za Garissa hofu hiyo ina sababu. Mwezi wa Desemba 1997, baada ya mvua kubwa za El Niño, homa ya Bonde la Ufa iliingia kwetu ikaua watu na mifugo. Ilirudi tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007. Baadhi ya waliougua vibaya walitokwa na damu, na jambo hilo halijasahauliwa. Tena wako nyoka ambao sumu yao huzuia damu kuganda, na huko Wajir na Mandera kalaazari imekwisha kuonekana, nayo huweza kumtoa mtu damu puani.

Basi ni haki watu kuogopa. Lakini iko sababu nyingine ya kutokwa na damu ambayo haiji kwa kishindo. Huingia polepole, wiki baada ya wiki, na mara nyingi hakuna anayeifikiria. Ni ukosefu wa vitamini C, yaani kukosa matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu. Ugonjwa wake kwa Kiswahili huitwa kiseyeye.

Makala haya yanaeleza ugonjwa huo, namna ya kuutambua, na kwa nini sisi tunaolima kando ya mto tunaweza kuuzuia kwa vitu tulivyo navyo shambani.

Damu nzima, mshipa mbovu

Kila mkulima wa skimu ajua habari za mfereji. Udongo wa ukingo ukiwa umeshikana vizuri, maji hufika shambani yote. Udongo ukilegea, maji hupenya pembeni na kumwagika njiani. Hapo si kosa la maji. Ukingo ndio uliolegea.

Mwilini mambo ni vivyo hivyo. Mishipa ya damu, ngozi, fizi na mifupa hushikwa pamoja na nyuzi nyembamba zenye nguvu, na mwili huzitengeneza kila siku kuchukua mahali pa zile zilizochakaa. Vitamini C ndiyo inayoziwezesha nyuzi hizo kukaza. Ikikosekana, nyuzi mpya huwa dhaifu, kuta za mishipa midogo hulegea, na damu huvuja chini ya ngozi, katika fizi, katika nyama na katika viungo.

Mbuzi, ng'ombe na ngamia hujitengenezea vitamini hii wenyewe mwilini mwao. Mwanadamu hawezi. Hana budi kuila. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima apate miligramu 45 kila siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha apate zaidi. Miligramu 10 hivi kwa siku hutosha kumzuia mtu asishikwe na kiseyeye, lakini hazitoshi kumpa afya kamili. Mwili huweka akiba kidogo tu. Mtu asipopata kabisa, akiba hiyo hupungua hata dalili zikaonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu.

Dalili zake

Kwanza mtu huchoka pasipo sababu, huwa mwepesi wa hasira, na miguu humuuma. Watu wengi hudhani ni kazi ya jembe. Baadaye huonekana haya:

1. Vidoadoa vyekundu kuzunguka vinyweleo, hasa kwenye miundi na mapaja. Vinyweleo vyenyewe hujikunja na kukatika.
2. Damu kuvilia chini ya ngozi na kuacha madoa meusi mapana, ingawa mtu hakugongwa.
3. Fizi kuvimba, kulainika na kutoka damu, na meno kulegea.
4. Goti au kifundo cha mguu kuvimba na kuuma.
5. Vidonda kukawia kupona, na hata kovu la zamani kufunguka.

Mtoto mdogo, hasa baada ya miezi 6, huonyesha dalili zake namna nyingine. Hulia akiguswa miguu, hukataa kusimama au kutambaa, na hulala miguu imekunjwa pande mbili kama ya chura. Wazazi hudhani ameanguka, au kwamba yaya amempiga. Mtoto ambaye bado hana meno huweza kuwa na ugonjwa huu na fizi zake zisitoke damu hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa mzee aliyepoteza meno yote.

Yafaa kuongeza neno hapa. Si kila fizi itokayo damu ina kiseyeye. Mara nyingi sababu ni meno yasiyosafishwa. Lakini fizi zikitoka damu, na papo hapo miguu inauma, madoa yameonekana, na chakula cha nyumbani ni ugali na chai tu, basi kiseyeye lazima kifikiriwe.

Kwa nini husahauliwa

Mganga akimpokea mtu anayetokwa na damu, hupima kama damu yake inaganda na kama zile chembe ndogo zinazoigandisha zinatosha. Kwa mgonjwa wa kiseyeye vipimo hivyo kwa kawaida huonyesha kwamba damu haina kasoro, maana kilichoharibika ni mshipa. Hapo mgonjwa huweza kutumwa huku na huku, kupimwa ini, kupimwa mifupa, hata kutiwa damu, na wakati wote huo swali moja jepesi halijaulizwa: "Wewe hula nini?"

Swali hilo hata mgonjwa mwenyewe aweza kulijibu kabla ya kuulizwa. Ukienda zahanati, mweleze mganga ulichokula mwezi uliopita. Usione haya kusema kwamba tunda hukuonja. Maneno hayo machache huweza kumsaidia kuliko vipimo vingi.

Kusahau huku si jambo jipya. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama, Mreno, zilifika Mombasa zikiwa na mabaharia waliougua. Tangu pwani ya Msumbiji fizi zao zilikuwa zimevimba. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Lakini mwandishi wa safari ile aliandika kwamba waliponywa na hewa nzuri ya mji! Dawa ilikuwa mikononi mwao, wameimenya na kuila, na bado hawakuitambua.

Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, na watu 30 wakafa njiani. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, kila merikebu ilikuwa imebakiwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Safari hii waliomba machungwa upesi, nao wakapewa. Lakini wengine walikuwa wamezidiwa, wakafa palepale Malindi. Baada ya hapo ilibidi wateketeze merikebu moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote.

Mwaka 1747 daktari Mskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi, na mmoja wao alirudi kazini baada ya siku sita. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilikawia hadi 1795 kuagiza maji ya malimau yagawiwe mabaharia.

Kiseyeye katika nchi kavu

Msiseme ni ugonjwa wa baharini. Palipo na chakula kikavu tu, ndipo ulipo. Katika miaka ya 1980 uchunguzi katika kambi za wakimbizi kutoka Ethiopia, waliokuwa Somalia na Sudan, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokaa kambini muda mrefu zaidi, ndivyo hatari ya kupata kiseyeye ilivyozidi. Na hapa kwetu Garissa, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera karibu na Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, na katika miaka iliyofuata kiseyeye kilionekana humo. Mgao ulikuwa nafaka, kunde kavu, mafuta na chumvi. Chakula cha namna hiyo hushibisha tumbo, lakini vitamini C haimo.

Sasa tuangalie nyumba zetu wenyewe. Mchungaji wa zamani alikuwa hali matunda mengi, tena mboga alizidharau. Kwa nini hakuumwa? Sababu kubwa ni maziwa ya ngamia. Lita moja ya maziwa hayo yakiwa mabichi ina miligramu 30 hivi za vitamini C, yaani kama mara tatu ya maziwa ya ng'ombe. Mtu aliyekunywa lita mbili kwa siku alikuwa amepata haja yake yote. Ukame ulipokausha viwele ndipo taabu ilipoanza.

Leo wengi wetu tumeacha ngamia tukakaa kando ya Tana au kando ya Daua. Maziwa yamepungua. Mahali pake pameingia ugali, wali, tambi, maharage makavu, sukari na chai. Katika vyakula hivyo vyote vitamini C ni kama hakuna. Na maziwa yenyewe yapaswa kuchemshwa, kwa sababu mabichi huleta homa ya maziwa, yaani bruselosi. Usiache kuyachemsha! Lakini ujue kwamba moto hupunguza vitamini hii, kwa hiyo usitegemee maziwa peke yake. Itafute kwenye matunda na mboga.

Hapo ndipo ajabu ilipo. Mkulima hupanda maembe, mapapai, ndimu na nyanya, akayapakia yote kwenye gari kwenda sokoni, kisha akanunua unga na sukari akarudi nyumbani. Fedha amepata, nalo ni jambo jema. Lakini watoto wake hula chakula cha kambini katikati ya shamba la matunda.

Chakula kipi kina nini

Hesabu zifuatazo ni za gramu 100 za chakula kibichi. Ni za kukadiria, maana hubadilika kwa aina na kwa udongo.

Pera: miligramu 200 na zaidi.
Pilipili hoho: 80 na zaidi.
Sukuma wiki: 90 hivi.
Papai lililoiva: 60.
Chungwa: 50.
Mchicha: 40 hivi.
Embe: 35 hivi.
Ndimu: 30.
Nyanya: 15 hivi.
Ndizi mbivu na tikiti maji: 8 au 9 tu.

Unga wa ubuyu pia una nyingi sana, nao huhifadhika. Majani ya kunde na ya mlonge ni mazuri. Tikiti maji linapendwa sana kwetu, nalo hukata kiu vizuri, lakini lisikudanganye. Lina maji mengi na vitamini kidogo. Na tende kavu, pamoja na wema wake wote, hazina vitamini C ya kutosha. Kwa hiyo wakati wa kufuturu, baada ya tende, weka kipande cha papai au maji ya ndimu mezani.

Tufanye hesabu ndogo. Nyumba ina watu 6. Kila mmoja, hata tukimhesabu mtoto kama mtu mzima, ahitaji miligramu 45. Jumla ni 270. Papai lenye nyama ya nusu kilo lina miligramu 300. Basi papai moja la kadiri hutosha nyumba nzima kwa siku moja. Au mapera matatu makubwa. Je, mkulima ambaye amevuna gari zima la mapapai atashindwa kuacha moja jikoni kila siku?

Namna ya kuandaa

Vitamini hii ni dhaifu. Huuawa na moto, hutoroka na maji, na hupotea juani. Kwa hiyo:

Osha mboga kwanza, ndipo ukate. Usizikate ukaziloweka.
Chuma karibu na saa ya kupika. Mboga zilizonyauka zimekwisha kupoteza sehemu kubwa.
Pika kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa. Usimwage maji yake, yafanye mchuzi.
Ndimu ikamulie chakula kilichokwisha kupakuliwa, si kilicho motoni.
Mboga zilizoanikwa juani ni akiba nzuri ya mambo mengine, lakini usizihesabie vitamini C.

Tena matunda yakiliwa pamoja na maharage au mboga za majani huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, na hivyo damu huongezeka. Na mvuta tumbaku ajue kwamba mwili wake hutumia vitamini C zaidi kuliko wa asiyevuta.

Wakati wa ukame

Huenda ndugu zetu wa Wajir, ambao hawana mto, watauliza, "Sisi tufanyeje?" Ipo njia iliyo rahisi, nayo yafaa pia kwa mkulima ambaye pampu yake imeharibika. Chukua pojo nzima, ambazo wengine huziita ndengu. Zikiwa kavu hazina vitamini C ya maana. Ziloweke kwa maji safi usiku mmoja, uyamwage, uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na kuziosha asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu huchipua, na katika kule kuchipua mbegu hujitengenezea vitamini C. Zipike kwa dakika chache tu ukale. Kikombe cha maji na kiganja cha pojo vyatosha kuanza.

Mwenye maji kidogo apande miti karibu na nyumba. Mpapai ukipata maji huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na maji yaliyooshea vyombo huutosha. Lakini hauvumilii maji yaliyotuama, hasa katika udongo mweusi. Upande juu ya tuta. Mpera huvumilia ukavu zaidi. Mndimu hukawia miaka kadhaa, lakini ukishika huzaa kwa miaka mingi. Muulize Bwana Shamba wa eneo lako juu ya miche iliyo safi.

Lini kwenda hospitali

Tafadhali soma sehemu hii mara mbili, tena umsomee asiyejua kusoma.

Mtu akiwa na homa kali ya ghafula na anatokwa na damu, hasa baada ya mvua nyingi, au baada ya mifugo kutupa mimba, au akiwa amechinja au kugusa mnyama mgonjwa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimpe machungwa ukangoja. Vivyo hivyo aliyeumwa na nyoka, anayetapika damu, mama mjamzito anayetokwa na damu, au mtu mwenye homa ya majuma mengi na tumbo limevimba upande wa kushoto.

Kiseyeye huja polepole, wala hakianzi kwa homa kali. Hata hivyo mwenye dalili zake naye aende zahanati, kwa kuwa kikiachwa huua. Huko atapewa vidonge vya vitamini C kwa kiasi kimfaacho. Matibabu yake ni mepesi. Mara nyingi uchovu na maumivu huanza kupungua kwa siku moja au mbili, na fizi huacha kutoka damu katika siku chache zinazofuata. Kupona kabisa huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Lakini vidonge vikiisha na chakula kikabaki kilekile, ugonjwa utarudi.

Basi, wakulima, jambo tunalowaomba si kubwa. Gari la mnunuzi likifika shambani, kabla ya kupima mzigo, toeni kwanza sehemu ya nyumba: mapapai ya wiki, kikapu cha ndimu, fungu la mboga. Mkiisha kuyaweka kando, yaliyobaki yauzeni kwa bei njema.